Hesabu Gharama Kabla ya Kisu

Andiko la wiki: Luka 14:28–30. Soma pia 1 Samweli 16:7, Mithali 15:22 na Waefeso 4:25.



Jumapili iliyopita nilihubiri kuhusu yule mtu wa Luka 14 aliyetaka kujenga mnara, ambaye Bwana anasema lazima kwanza aketi chini apige hesabu kama atamaliza. Wengi mlidhani nitaongea kuhusu ploti na mikopo ya sacco. Mnajua nilisomea biashara, na kila nikisimama madhabahuni lazima hesabu itokee mahali. Lakini niliongea kuhusu mwili. Niliongea kuhusu operesheni za urembo: kunyonya mafuta, kukaza tumbo, kupunguza au kuongeza matiti, kuongeza makalio, kurekebisha pua. Kuna waliocheka, kuna walioangalia chini, na mzee mmoja ninayemheshimu sana alinisubiri mlangoni akaniuliza, "Pasta, hayo nayo ni mahubiri?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Hili ndilo jibu. Ndani yake pia kuna toba yangu, kwa hivyo naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

NILIVYOFIKA HAPA

Miaka miwili iliyopita, katika ibada ya vijana, nilifanya mzaha. Nilisema kuna akina dada siku hizi hawaendi hospitali, wanaenda gereji kunyooshwa bodi. Kanisa lilicheka. Hata mimi nilicheka mzaha wangu mwenyewe. Nikaendelea na mahubiri, nikasahau.

Kuna dada mmoja hakusahau. Alikuwa ameketi safu ya tatu. Sitataja jina lake, na mambo machache nimeyabadilisha ili asijulikane, lakini alisoma karatasi hii kabla haijachapishwa na akasema, "Pasta, toa. Labda itasaidia mwingine." Ni mama wa watoto wanne. Baada ya kumzaa kitinda mimba, ngozi ya tumbo haikurudi. Alifanya mazoezi, alifunga, alikunywa kila chai aliyoambiwa anywe. Miaka tisa baadaye, ndani ya matatu, konda akamwambia kijana mmoja kwa sauti, "Wee, mpishe mama mjamzito akae." Kijana akasimama. Dada akakaa. Aliniambia kwamba safari yote aliweka mkono kwa tumbo kama mtu aliye na mimba, kwa sababu kukataa kungekuwa aibu zaidi.

Siku hiyo ndiyo aliamua. Aliona tangazo kwa simu: operesheni ya tumbo, nusu bei kwa atakayelipa kabla ya Ijumaa. Alikuwa na pesa za chama. Akatuma malipo ya kwanza kwa M-Pesa, akaambiwa hayarudishwi. Akina mama wa kanisa akawaambia anaenda mlimani siku tano kufunga na kuomba, na simu atazima. Dada yake wa damu akamwambia hivyo hivyo.

Unaona vile alivyojifunga mwenyewe? Mtu akisema anaenda kuomba, nani atampigia simu? Tulimheshimu, tukamwacha.

Kule kliniki aliulizwa kama ana presha. Akasema hapana. Dawa zake za presha zilikuwa kabatini nyumbani. Aliogopa akisema ukweli atarudishwa na pesa zake zitapotea. Hakuna aliyempima moyo. Hakuna aliyemuuliza kama anatumia vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo vile vyenye homoni ya estrojeni vinaongeza hatari ya damu kuganda, na alikuwa anavitumia. Baada ya operesheni alienda kwa chumba cha kukodi, peke yake, akalala kitandani siku tatu bila kuamka sana kwa sababu ya maumivu.

Siku ya tatu mguu mmoja ulikuwa umefura. Usiku akaanza kukosa pumzi. Damu ilikuwa imeganda kwenye mguu, na kipande kikasafiri hadi kwenye mapafu. Mungu akampa nguvu ya kuwasha simu na kumpigia dada yake. Huyo ndiye aliyenipigia saa nane za usiku akiwa hospitalini: "Pasta, wewe ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Aliishi, namshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye nilienda kumwona, nikamuuliza swali ambalo wachungaji huuliza wakiwa na uchungu: kwa nini hukuniambia? Hakuniangalia. Akasema, "Pasta, kisu sikukiogopa. Niliwaogopa nyinyi."

MENO YANGU

Usiku huo sikulala vizuri, na sababu ilikuwa meno yangu.

Mimi nimekulia Nakuru. Mtu wa Nakuru au Naivasha anajua ninachosema: maji yetu ya kisima yana floraidi nyingi, na mtoto akiyakunywa wakati meno ya ukubwani yanaumbika, yanatoka na madoa ya kahawia. Hayaumi. Unakula mahindi ya kuchoma bila shida. Lakini nilikuwa nacheka nikiwa nimefunika mdomo. Nilipoitwa kwa huduma, nikiwa na miaka ishirini na saba, nililipa daktari wa meno akayafunika meno ya mbele yakawa meupe. Nilisema ni kwa ajili ya huduma. Ukweli ni kwamba nilichoka kufunika mdomo.

Hakuna mtu alinihubiria. Mchungaji mkuu alinisifu. Mama yangu alilia kwa furaha. Sasa, tofauti yangu na yule dada iko wapi? Yeye alifunika tumbo kwenye matatu, mimi nilifunika mdomo kwenye ibada. Mimi nilipata makofi, yeye akapata mzaha wangu wa gereji.

Najua kuna tofauti. Kufunika jino hakuhitaji dawa ya usingizi, wala hakuna mtu anaweka damu yake hatarini. Lakini hiyo ni tofauti ya hatari. Kwa upande wa moyo, sikuona tofauti, na bado sijaiona.

SWALI TUNALOULIZA

Kila mtu huuliza, "Pasta, ni dhambi?" Ni swali halali na sitalikimbia. Tamaa ya kutohurumiwa ndani ya matatu, mimi siiiti dhambi. Kuuabudu uso wako, kukopa karo ya mtoto ili ufanane na mtu wa kwa simu, kumchukia yule Mungu aliyemuumba, hayo naogopa ni kitu kingine. Mtu aliyeungua moto na mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hutibiwa na wapasuaji wa fani hii hii, na hakuna anayeuliza kama ni dhambi. Katikati ya mtoto huyo na mtu anayeabudu kioo kuna watu wengi, na mstari haujachorwa kwa rula.

Tunapenda kutumia 1 Samweli 16, pale Samweli anafundishwa kwamba mwanadamu huangalia umbo la nje lakini Mungu huangalia moyo. Tunaitumia kuwapiga wanaojali sura. Lakini hebu isome tena polepole. Kama ni Mungu tu anayeona moyo, basi mimi siuoni. Andiko hilo linamkataza mtu kuabudu sura, na pia linanikataza mimi kutangaza kilicho moyoni mwa mtu kwa kuangalia tumbo lake kabla na baada.

Kwa hivyo niligundua kuna swali lingine ambalo hatuulizi: mtu anayefikiria jambo hili, sisi tuna deni gani kwake? Na jibu langu ni fupi. Tuna deni la ukweli, na deni la kumfanya asiogope kutuambia ukweli. Kwa sababu ukiangalia kisa cha dada yetu, kila mahali alipokaribia kufa palikuwa na uongo. Aliwadanganya madaktari, akatudanganya sisi, tangazo likamdanganya yeye, na sisi kwa mizaha yetu tukamfundisha kwamba uongo ni salama kuliko kanisa.

MUUZAJI ANAJUA, MNUNUZI HAJUI

Sasa niruhusu nirudi darasani kidogo. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa utafiti wa masoko ya aina hiyo. Hoja yake hata wewe unaijua kama umewahi kununua gari mkononi: muuzaji anajua shida ya gari, mnunuzi hajui. Na pale ambapo mnunuzi hawezi kutofautisha, gari bovu na gari zuri huuzwa kwa bei inayokaribiana, na mwenye gari zuri anatoka sokoni.

Ndiyo maana tunaenda na fundi wetu. Anafungua boneti, anasikiliza injini.

Kwa operesheni, mnunuzi anajua kidogo kuliko kwa gari, na wakati kazi inafanyika amelala usingizi. Hawezi kufungua boneti. Halafu angalia mbinu za biashara: punguzo linaloisha Ijumaa, malipo yasiyorudishwa, picha za kabla na baada zilizochaguliwa. Punguzo la Ijumaa linakunyima muda wa kufikiri. Malipo yasiyorudishwa yanakufanya uone hasara kurudi nyuma. Chuoni tulifundishwa kwamba pesa iliyozama imezama, haifai kuamua hatua inayofuata. Dada yetu alificha presha yake ili kuokoa malipo ya kwanza. Alikuwa tayari kuweka maisha yake juu ya pesa ambazo zilikuwa zimeshaenda. Usimcheke. Wengi wetu tumekaa kwa biashara mbovu miaka kwa sababu hiyo hiyo.

Mahali ambapo mnunuzi ni mnyonge hivyo, sheria za usalama ndizo fundi wake. Nimeongea na madaktari wawili na nimesoma. Mimi si daktari, na maneno haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Lakini nimeziona sheria hizi kama maswali sita ya ukweli.

1. Huyu ni nani?

Kenya tuna Baraza la Madaktari, KMPDC. Kila daktari lazima awe amesajiliwa na awe na leseni inayofanywa upya kila mwaka. Rejista iko wazi kwenye mtandao, unatafuta kwa jina. Angalia vitu viwili: kama amesajiliwa, na kama ni bingwa wa upasuaji wa plastiki. Kuitwa daktari hakutoshi. Muulize amefanya operesheni hii mara ngapi, na matatizo gani yalitokea. Daktari mwaminifu atakujibu. Atakayekuambia hajawahi kupata tatizo hata moja, ogopa.

2. Hapa ni wapi?

Kituo nacho lazima kiwe na leseni ya KMPDC, ya daraja linaloruhusu operesheni unayotaka. Uliza nani atatoa dawa ya usingizi. Lazima awe mtaalamu mwingine, si yule yule anayeshika kisu. Uliza kama kuna oksijeni na damu, na mgonjwa akizidiwa anapelekwa hospitali gani, na kwa gari gani. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki hapa Nairobi siku chache baada ya operesheni ya kuondoa mafuta, na Baraza likaifunga kliniki. Nchi nzima iliongea wiki moja. Halafu matangazo yakarudi kwa simu zetu. Na kama mtu anakudunga sindano ya kuongeza umbo saluni au kwa nyumba ya mtu, hapo sina maswali sita. Nina neno moja: toka.

3. Mimi niko vipi, kweli?

Novemba 2007, huko Los Angeles, Donda West, profesa mstaafu na mama wa mwanamuziki Kanye West, alifariki siku moja baada ya operesheni za urembo. Alikuwa na miaka 58. Uchunguzi wa maiti ulitaja ugonjwa wa mishipa ya moyo pamoja na mambo yaliyofuata operesheni. Alikuwa amerudi nyumbani, hakulala hospitalini. Mwaka 2009 jimbo la California likapitisha sheria inayobeba jina lake: hakuna operesheni ya urembo bila mgonjwa kupimwa mwili na kupewa kibali cha maandishi ndani ya siku 30 kabla. Ona, mama aliyesoma, mwenye uwezo. Pesa na elimu havikufanya kazi ya kipimo.

Kwa hivyo sema yote: presha, sukari, pumu, seli mundu, vidonge vya kupanga uzazi, aspirini, dawa za kienyeji. Kama unavuta sigara kwa siri, yule daktari lazima ajue hata kama mchungaji hajui, na uache angalau wiki nne kabla, kwa sababu sigara inapunguza damu kwenye ngozi na kidonda hakiponi. Na sisi wafungaji tusikie: kabla ya dawa ya usingizi, kwa kawaida chakula kinasimama saa sita na maji matupu saa mbili, au utakavyoelekezwa. Usitoke kwa mfungo mkavu wa siku tatu ukaingia operesheni bila kumwambia daktari. Huko si kuongeza imani, ni kupeleka mwili mkavu mahali unapohitaji nguvu.

4. Hatari ni kiasi gani?

Uliza kwa hesabu. Operesheni hazilingani. Kuongeza makalio kwa mafuta ya mwili ndiyo imetia madaktari wengi wasiwasi. Mwaka 2018 jopo la vyama vya wapasuaji wa plastiki vya nchi mbalimbali lilikadiria kwamba huenda mtu 1 kati ya 3,000 anakufa. Sababu inajulikana: mafuta yakidungwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwa mshipa mkubwa wa damu na kusafiri hadi kwenye moyo na mapafu. Mwaka huo huo chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwaambia wanachama wake waisimamishe kwanza. Kwa kunyonya mafuta, kikipita lita 5 kwa wakati mmoja, hiyo inahesabiwa ni kiasi kikubwa na inahitaji uangalizi wa hospitali. Na jihadhari na kifurushi cha "fanya tatu kwa bei ya mbili". Saa nyingi mezani zinaongeza hatari. Mwili si sabuni ya supamaketi.

5. Gharama yote ni ngapi?

Hapa ndipo mnara wa Luka 14. Bei ya tangazo ni ya msingi tu. Ongeza vipimo, dawa, nguo ya kubana, siku za kukosa kazi, mtu wa kukutunza, na pesa za tatizo likitokea. Bima nyingi hazilipi urembo, kwa hivyo usitegemee kadi yako itakuokoa. Uliza kwa maandishi: nikirudishwa mezani, nani analipa? Kama una pesa ya operesheni na huna pesa ya tatizo, basi bado huna pesa ya operesheni.

6. Nani anajua?

Mithali 15 inatufundisha kwamba mipango huharibika pasipo washauri. Angalau mtu mmoja mzima ajue uko wapi, nani anakupasua, na alale nawe siku za kwanza. Uamke utembee kidogo mapema, kama daktari alivyosema, damu isigande. Na huyo mtu ajue dalili: kukosa pumzi, maumivu ya kifua, mguu mmoja kufura, homa, damu isiyokoma, kuchanganyikiwa. Hizo hazingoji asubuhi, wala hazingoji maombi yaishe. Mnaomba mkiwa kwa gari mkielekea hospitali.

HATA MADAKTARI HUKIRI

Kuna jambo lilinigusa nilipokuwa nasoma. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kukaguliwa kwa kila operesheni: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa hapa jirani, Ifakara, Tanzania. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Na ndani ya orodha kuna nini? Mambo ambayo mtu angeyadharau. Wote chumbani wataje jina na kazi yao. Mgonjwa ni nani? Tunafanya nini, upande upi? Ana mzio? Wanasema kwa sauti, mbele ya wenzao, yale ambayo kila mtu alidhani yanajulikana.

Niliposoma hivyo nilifikiria Waefeso 4, pale Paulo anatutaka tuvue uongo tukaambiane ukweli, kwa kuwa tu viungo vya mwili mmoja. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi kama adabu njema. Sikuwa nimeona kwamba ukweli ukisemwa kwa sauti unaweza kupunguza vifo.

NAMJIBU MZEE

Mzee wangu mpendwa alisema hivi: "Ukiwafundisha njia salama, umewafungulia mlango." Nimelipima neno hilo, kwa sababu si la kijinga. Ni kweli kuna mtu atasoma maswali haya sita, aone yote yako sawa, aseme Pasta ameruhusu. Hiyo ni gharama ya kuongea, na nimeihesabu.

Lakini tuweke kwa mizani gharama ya kunyamaza. Tulikuwa tumenyamaza, na kunyamaza hakukumzuia yule dada. Kulimzuia tu kutuambia. Kijana akipanda boda kwenda mahali nisipopapenda, sitamvua helmeti ili ajifunze. Nitamwambia simtaki huko, na nitamwambia afunge helmeti vizuri, na maneno yote mawili yatatoka kwa upendo mmoja.

Tena, sheria hizi zenyewe humrudisha mtu kufikiri. Ukimwambia dada, "Subiri mwezi mmoja, pima moyo, weka pesa ya tatizo kando, mwambie mtu mmoja," umempa nafasi ya kubadilisha nia bila kumtukana. Wengine watagundua kwamba aliyetaka operesheni ni mume, au ni kikundi cha marafiki, si wao. Sahihi kwa fomu ya hospitali si kibali kama mkono ulioshika kalamu ulikuwa unasukumwa. Na kama ni mtoto wa shule anayeniuliza, nitamwambia ngoja, mwili wako bado haujamaliza kuongea.

Mzee, hapo ndipo nimefika. Kama kuna mahali nimekosea, niko tayari kukaa chini nawe baada ya ibada. Lakini mzaha wa gereji sitaurudia, na kwa ule wa kwanza naomba kanisa msamaha, hasa akina mama mliocheka kwa mdomo huku mkiumia.

Ofisi yangu iko wazi Jumanne na Alhamisi baada ya saa nane. Ukija kuniambia unafikiria operesheni, sitakupigia kelele. Nitakuuliza maswali sita, tutaomba, na ukitaka tutakutafutia mama mmoja mzima wa kukusindikiza kwa daktari. Dada yetu amekubali kuwa wa kwanza kusindikiza. Bado ana kovu, na anameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Akipanda matatu siku hizi, anasema, anaketi popote.

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa miili uliyotupa, hata pale tunapoilalamikia. Utupe ujasiri wa kusema ukweli juu yetu wenyewe. Uwape madaktari wetu mikono mitulivu na mioyo isiyouzwa. Utusamehe sisi tuliocheka. Ufanye kanisa hili kuwa mahali ambapo mtu anaweza kusema anachofikiria kabla hajaumia. Katika jina la Yesu, amina.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kuna jambo gani la mwili wako umewahi kulificha kwa aibu? (Si lazima kujibu kwa sauti.)
2. Soma 1 Samweli 16:7. Andiko hili linamwambia nini anayejali sura, na linamwambia nini anayemhukumu?
3. Je, kumfundisha mtu usalama ni kumruhusu? Jadilini, na msiharakishe kukubaliana.
4. Mtu wa kikundi chenu akisema anaenda kuomba na simu atazima, tutamtunzaje bila kumchunguza?